Mnara wa Kilima cha Kondoo

Korongo la Badger, Montana
9 Septemba 2007

Mdogo wangu Halvor,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako Emmett, ambaye amesema nikuandikie "hujambo" na nisiongeze kitu. Unanijua, nitaongeza. Hapa tu wazima. Ngano tumevuna. Si nyingi, lakini haikupigwa na mvua ya mawe kama ya majirani wa kaskazini. Ndama tutawauza mwezi ujao. Goti la Emmett linamuuma kila baridi inapobisha hodi, naye anakana huku anachechemea. Vipi Britta? Bado anajidunga insulini mwenyewe, au siku hizi anamdekea mama yake? Mwambie shangazi amemwekea mtungi wa jamu isiyo na sukari, ingawa Emmett anasema ladha yake ni kama dawa ya kukoshea ndama.

Sasa nikuambie kwa nini nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Nikikupigia, kila nikifika kwenye jambo lenyewe, mara una simu nyingine inaita. Barua haina simu nyingine.

Kifurushi chako kimefika. Simu ni nzuri, ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati. Lakini nimesoma pia karatasi ya kampuni yenu iliyokuja na bili, inayosema kwamba ifikapo tarehe 18 Februari mtandao wa zamani wa analojia "unalazimika" kuzimwa, na kwamba simu ya begi iliyo kwenye pikapu ya Emmett, ile kubwa ya zamani ya kubebwa mkobani, itakuwa tofali. Mimi si mtu wa kusoma muhtasari, Halvor. Nimelisoma tangazo la serikali lote, mpaka tanbihi. Serikali haijaamuru chochote kizimwe. Imesema kwamba kuanzia siku hiyo kampuni zikitaka kuzima, zina ruhusa. Anayeruhusiwa kisha akasema amelazimishwa anadanganya, hata kama karatasi yake ina picha ya familia inayocheka.

Nawe unajua kwa nini hili linaninyima usingizi. Miaka miwili iliyopita farasi alimwangukia Emmett chini kule korongoni, akavunjika mguu mahali pawili, akajikokota kwa mikono mpaka kwenye pikapu. Ile simu ya begi, na antena yake ndefu juu ya paa, ndiyo iliyoniletea sauti yake. Machi ng'ombe wetu watazaa palepale korongoni, kwa sababu hakuna mahali pengine upepo usipofika, na Emmett atakuwa peke yake kila siku. Mnara pekee unaoona chini mle ni ule wa Kilima cha Kondoo, nao una mitambo ya zamani tu.

Swali langu ni moja. Mtaweka mitambo mipya kwenye mnara ule kabla ya kuzima ya zamani? Jibu ni ndiyo au hapana. Nimekuachia nafasi chini ya ukurasa, ukitaka andika hapohapo unirudishie.

Dada yako,
Dagny


Denver
30 Septemba 2007

Dada Dagny,

Nashukuru kwa barua na kwa jamu, ambayo Britta ameifungua kabla sijavua koti. Anajidunga mwenyewe, na anatukaripia tukimtazama. Mama yake anakusalimu. Denver kuna joto bado, miti ndiyo kwanza inaanza kubadilika rangi. Kazini tunakimbizana, kila mtu ana wilaya tatu za kuhamisha na usingizi wa wilaya moja.

Kuhusu simu, usihangaike kabla hujaijaribu. Ni ya mifumo miwili. Inajua mtandao wa zamani na mtandao mpya wa dijitali, nayo inajichagulia yenyewe ulio bora pale ulipo. Huna haja ya kugusa kitu. Mpe shemeji aende nayo chini korongoni apige. Ikikubali, utakuwa umejijibu mwenyewe kuliko mimi ninavyoweza kukujibu.

Kuhusu mnara wa Kilima cha Kondoo, mipango ya mwaka ujao bado inajadiliwa. Ramani ya wilaya yenu inaonyesha hali nzuri. Zaidi ya hapo mimi si msemaji.

Usimwandikie mkurugenzi wetu kama ulivyomwandikia yule wa reli. Nakuomba kwa heshima.

Mdogo wako,
Halvor


Korongo la Badger
21 Oktoba 2007

Mdogo wangu,

Salamu, na leo zina sukari. Ndama wamepata bei, theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka, na Emmett amekubali kununua viatu vipya baada ya vile vya zamani kuanza kunywa maji. Britta namkumbatia. Mke wako mwambie kanisani tulipika samaki aliyelowekwa kwenye magadi, kama mababu, Jumapili, na harufu bado imo kwenye mapazia. Mmemkosa, nawaonea wivu.

Emmett amekwenda korongoni na simu yako. Alishuka mpaka kwenye zizi la kuzalishia, mimi nikakaa jikoni mbele ya simu ya ukutani kama mwanamke anayesubiri matokeo ya kura. Ikaita.

"Haloo, Mheshimiwa," akasema. Ananiita hivyo tangu nigombee udiwani nikashindwa.

"Uko wapi?"

"Nimekaa juu ya ndoo, namtazama ng'ombe, naye ananitazama. Mmoja wetu hana akili."

"Shuka zaidi, mpaka kijitoni."

Akashuka. Nikamsikia mpaka kijitoni! Sauti ilikuwa na mvumo, kama mtu anakaanga kitu nyuma yake, lakini maneno yote yalifika.

Basi nimefanya jambo ambalo watu wa hapa wameliweka kwenye kalenda: nimekiri hadharani kwamba nilikosea. Unajua safu yangu kwenye gazeti letu la wiki. Wiki mbili mfululizo nilikuwa nimeichapa kampuni yenu bila huruma. Wiki hii nimeandika kwamba simu mpya inashika mpaka chini ya Korongo la Badger, kwamba mimi mwenyewe nimesikia kwa masikio yangu, na kwamba anayengoja simu yake ya begi imfie mkononi ni mkaidi kuliko mimi. Kwenye chakula cha kanisa watu walipanga mstari kuniuliza. Hata Lorraine Sveum, ambaye hajanisemesha tangu niseme kwamba mkate wake wa viazi unafaa kuezekea banda, alikuja na kikombe cha kahawa.

"Dagny, una hakika?" akaniuliza. "Mimi niko peke yangu kule tangu Arvid afariki. Nikikwama, nimekwama."

"Nunua kesho," nikamwambia. "Kama ni uongo, nitakula mkate wako."

Amenunua. Wamenunua karibu wote wa bondeni. Kwa hiyo mdogo wangu, umeshinda, na mimi nimekuwa mpiga debe wenu bila malipo. Furahi, maana haitatokea tena.

Dagny


Denver
25 Novemba 2007

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na wageni wa sikukuu, bata mzinga alikuwa mkubwa kuliko jiko. Britta alishikwa na homa, sukari ikapanda ikashuka, tukalala hospitali kidogo. Sasa ni mzima, yuko shuleni. Bila bima ya kazini sijui tungefanyaje, lakini hilo limepita.

Nina maswali machache, nijibu ukipata nafasi. Ule mvumo uliousikia Emmett alipopiga ulikuwa wakati wote, kama mafuta yanayokaanga, ukiongezeka anaposhuka? Au sauti ilikuwa safi kabisa, kisha ikakatikakatika vipande? Na alipokuwa kule juu barabarani, mvumo ulikuwepo?

Ni kwa kumbukumbu zangu tu.

Jambo jingine. Ingekuwa vizuri usiandike makala nyingine kuhusu simu kwa sasa. Wala ya kusifu.

Salamu kwa shemeji. Hapa kumeanza kuganda.

Halvor


Korongo la Badger
3 Desemba 2007

Halvor,

Nimefurahi Britta amepona. Mbusu kwa niaba yangu. Emmett hajambo, mimi sijambo, ng'ombe hawajambo, baridi ni ile ya kugandisha ute wa pua. Salamu zimekwisha.

Ulichelewa mwezi mzima ukaniletea maswali kama ya daktari ambaye hataki kusema jina la ugonjwa. Kisha eti "kwa kumbukumbu zangu". Nimekulea wewe. Mama alipokuwa kazini mimi ndiye niliyekukagua masikio. Nakujua unavyoandika ukiwa umekanyaga kitu na unatafuta mahali pa kufutia kiatu.

Kwa hiyo nilimtuma Emmett tena. Juu barabarani hakuna mvumo, sauti ni safi kama yuko chumbani. Akipita lango la ng'ombe na kuanza kuteremka, sauti inakatika kidogo, halafu inarudi ikiwa na mvumo, na mvumo unaongezeka mpaka kijitoni. Nikakaa na jambo hilo. Nikafua, nikapiga pasi, nikachoma shati la Emmett la kanisani, maana nilikuwa nakumbuka barua yako ya Septemba. Uliandika kwamba simu inajua mifumo yote miwili, nayo inajichagulia.

Sasa niambie, Mhandisi. Kule chini korongoni ilikuwa imejichagulia upi?

Kama ni wa zamani, basi simu mpya haikushika chochote kule. Ilirudi kimyakimya kwenye mnara uleule mnaotaka kuuzima, ikanidanganya mimi, na mimi nikawadanganya majirani kwa herufi za chapa. Wametupa simu zao za begi. Lorraine ametoa ya marehemu mumewe kwenye gari akaitia jalalani mbele yangu, akinishukuru!

Sitaki maneno ya "inajadiliwa". Niandikie kabla ya Krismasi, la sivyo nitaliuliza gazetini, na jina la kuulizwa litakuwa letu la ukoo.

Dagny


Denver
14 Desemba 2007

Dada Dagny,

Salamu kutoka kwetu sote. Britta ana mtihani, mama yake ana mafua. Nakuandikia nikiwa kwenye gari, nje ya ofisi, kwa sababu ndani siwezi.

Ni wa zamani. Umeelewa sawasawa.

Nikueleze yote. Kiangazi timu yetu ilizunguka wilaya yenu kupima. Walitumia simu kama yako, ikiwa imeachwa ijichagulie. Kila ilipopiga na kupokelewa, mahali pale palipakwa rangi kwenye ramani. Hakuna aliyejali kuandika ilipokelewa na mtandao upi. Si njama, dada. Ni mazoea. Kila mtu katika kazi hii amezoea kuuliza kama simu imeita, ndiyo maana wilaya nzima ikatoka na rangi moja nzuri, na mnara wa Kilima cha Kondoo ukaonekana hauhitaji mitambo mipya. Pesa zikapelekwa kwenye barabara kuu.

Mimi niliona barua yako ya Oktoba, nikasoma neno "mvumo", nikajua. Dijitali haivumi. Inaongea au inanyamaza. Nilitaka kusema kwenye kikao. Lakini bosi wetu, Bwana Pruitt, alikuja kikaoni na makala yako. Mtu wa duka la huko alikuwa amemtumia. Akaisoma kwa sauti, akasema: "Huyu mama alikuwa adui yetu mkubwa wilayani, sikilizeni anavyosema sasa." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake.

Tunakuja Krismasi. Kwenye orodha ya mipangilio ya simu, mwisho kabisa, kuna mahali pa kuchagua mtandao. Pamewekwa "yenyewe". Ukipabadilisha, unaweza kuilazimisha itumie mpya peke yake. Tutaijaribu pamoja. Nataka niwe nimeona kwa macho yangu kabla sijafungua mdomo.

Usiandike bado. Tafadhali.

Halvor


Korongo la Badger
7 Januari 2008

Mdogo wangu,

Nyumba imekuwa kubwa tangu mlipoondoka. Britta ameacha soksi moja, na Emmett anakataa niioshe, anasema anaisubiri mwenyewe aje kuidai. Asante kwa kuja na barabara ile mbaya.

Tangu siku ile sijatulia. Nafanya kazi hii naiacha, nashika ile. Nakumbuka sisi watatu tumebanana kwenye pikapu, wewe katikati na simu mapajani. Juu barabarani bado tulikuwa tunacheka, Emmett akikuuliza kama kampuni inalipia na petroli. Ukabadilisha ule mpangilio. Simu ikasema "mtandao upo". Tukapita lango la ng'ombe.

"Bado ipo," ukasema.

"Usiichungulie kama yai," Emmett akasema. "Itaona haya."

Kisha ikafa. Hata nusu ya mteremko hatujafika. Tukaenda mpaka kijitoni, ukashuka, ukainyanyua juu ya kichwa, ukazunguka na theluji ikikufika magotini, bwana mzima na shahada mbili. Ulikuwa umefika palepale Emmett alipovunjikia mguu, na hukujua. Yeye alijua. Alizima injini akakuacha uzunguke. Uliporudi ndani uliifuta simu kwa shati mpaka nyumbani, nami kwa mara moja maishani nilinyamaza, na ninyi wawili hamkunipongeza.

Sasa kunyamaza kumetosha. Nilimwambia Emmett tuwahamishe ng'ombe wazalie huku nyumbani. Akanionyesha uwanja tu, upepo ukivusha theluji kwa ubavu. Ndama aliyetoka tumboni akiwa amelowa hamalizi saa moja hapa. Ni korongoni au hakuna ndama, na bila ndama hakuna ranchi. Kwa hiyo atakuwa kule, na Lorraine atakuwa kwenye korongo lake, na wengine kwenye yao, wote na simu nzuri mifukoni zisizosema kitu, kwa sababu mimi niliwaambia.

Nataka kuandika ukweli wote, pamoja na jaribio lako. Mimi peke yangu watasema ni mama mkorofi amegeuka tena. Mhandisi wao mwenyewe akisema, hawatakuwa na pa kukimbilia. Nipe ruhusa ya jina lako.

Dagny


Denver
26 Januari 2008

Dada,

Hatujambo. Britta anasema soksi ni yako, uitunze. Hapa theluji ni ya kuchezea tu, si kama yenu.

Nilisema. Nilimpelekea Bwana Pruitt vipimo, nikaomba mnara mmoja, Kilima cha Kondoo, uachwe na mitambo ya zamani mpaka mipya ifungwe. Alinisikiliza vizuri, akanipa na kahawa. Mitambo mipya labda itakuja kiangazi. Kuacha mnara mmoja nyuma, alisema, ni kuacha mafundi, vipuri na bili za umeme nyuma kwa ajili ya ng'ombe. Nikamwambia si ng'ombe, ni watu. Akasema: "Halvor, hao watu wamekwisha kutusifu gazetini." Halafu akaniuliza kama yule mwandishi nina undugu naye, maana safu yako bado unaitia jina letu la ukoo. Nikamwambia ni dada yangu. Akafunga faili.

Wamenipa minara ya kaskazini-mashariki, wa Kilima cha Kondoo ukiwemo, niizime mimi mwenyewe, kutoka hapa, tarehe kumi na nane. Sijui kama ni adhabu au ni zamu.

Ruhusa unayoitaka ni yako, sitakuzuia. Lakini nakuambia ilivyo. Jina langu likitoka gazetini, sina kazi, na nikikosa kazi sina bima, na hakuna kampuni nyingine ya bima itakayomchukua mtoto mwenye kisukari kwa bei ninayoweza. Nimeuliza. Sikuandikii haya ili ulie. Uliniambia barua haina simu nyingine.

Halvor


Korongo la Badger
10 Februari 2008

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu. Ng'ombe wanene, matumbo yameshuka, Emmett analala amevaa soksi mbili. Mtunze Britta.

Niliandika ukurasa na jina lako ndani. Ulikuwa mzuri sana, Halvor, ungemtoa jasho Pruitt katikati ya baridi. Emmett akausoma mezani, akaukunja, akaniuliza, "Huu mshale unampiga nani?" Nikasema kampuni. Akasema, "Kampuni haijidungi insulini." Nikautia kwenye jiko la kuni.

Nimeandika mwingine. Nimesema nilikosea kukiri kwamba nilikosea, jambo ambalo limewachekesha watu kwa wiki nzima. Nikaeleza namna ya kubadilisha mpangilio, kila mtu aende na simu yake mahali anapozalishia, ajionee. Jumamosi ya tarehe mbili walikwenda. Mchana tukakutana ukumbi wa kanisa. Hakuna aliyepata hata kengele. Walikaa wamevaa makoti, simu zimerudishwa kwenye "yenyewe" na kuwekwa juu ya meza, kama watu waliouziwa saa isiyo na mishale. Nilisimama mbele yao niombe radhi. Nilikuwa na hotuba. Lorraine akanikatiza.

"Kaa chini, Dagny. Mkate uko kwenye sahani."

Nikala. Wote wakitazama. Mgumu kuliko nilivyosema.

Tulisaini barua kwenda kampuni, na nyingine serikalini, zikatumwa kwa faksi. Serikali imejibu kwamba kampuni imeruhusiwa. Kampuni imejibu kwamba inatuthamini, ikaambatisha kuponi ya punguzo la kava la simu. Njia nimezijaribu zote nilizozijua, zimefungwa.

Emmett anasema tutazoea. Babu zetu walizalisha ng'ombe bila simu. Ni kweli, na nusu yao waliingia makaburini kabla ya miaka hamsini, naweza kumtajia majina. Lakini hajaniuliza.

Jumatatu inayofuata hii ya kesho ni kumi na nane. Najua zamu ni ya nani. Sikuombi kitu.

Dagny


Korongo la Badger
16 Machi 2008

Halvor,

Salamu kutoka katikati ya kuzaa. Nyumba inanuka maziwa na manyoya yaliyolowa, kuna ndama wawili kwenye beseni la kuogea wanapashwa moto. Emmett amekonda, ndevu zimeota, ana furaha kama mtoto. Mama watoto amepona mafua? Na Britta?

Tarehe kumi na nane nilikaa jikoni toka asubuhi. Nilisikia kwamba mtaa wa mashariki simu za zamani zote zimekufa saa ileile. Mhudumu wa kampuni nilipompigia aliangalia kompyuta yake akaniambia, "Ndiyo mama, minara yote ya wilaya yenu imezimwa, Kilima cha Kondoo pia, hapa imeandikwa imezimwa." Nikamshukuru, nikakata.

Jioni Emmett akapiga. Kutoka kijitoni. Kwa mvumo.

Tangu hapo anapiga kila siku, na mvumo ni uleule. Majirani nao wanapiga. Hakuna aliyetangaza. Dukani mtu akitaja simu, mwingine anauliza bei ya nyasi. Mhariri ameniuliza mbona safu yangu mwezi huu inahusu historia ya nyaya za seng'enge. Nikamwambia ni jambo lililopuuzwa.

Wiki iliyopita Lorraine alitumbukia na pikapu kwenye barafu ya kijito chake, maji yakamfika kifuani, mlango haufunguki. Alimpigia Emmett. Emmett akamtoa kwa trekta. Midomo yake ilikuwa ya buluu, lakini alikuwa akitukana, na daktari anasema hiyo ni dalili nzuri. Yuko kwetu sasa, kwenye kitanda chako cha utotoni, anakosoa kahawa yangu.

Sikuulizi lolote. Wala usinijibu. Siku nzima nazunguka ndani ya nyumba hii na kalamu sikioni na sina ruhusa ya kuandika jambo pekee ninalotaka kuandika. Kila gari la kampuni likipita barabarani natoka kibarazani kuona kama linakunja kuelekea kilimani. Jana moja lilipunguza mwendo. Nilimwaga chai.

Dada yako


Denver
30 Machi 2008

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, na kwa mgonjwa aliye kitandani kwangu. Mwambie ubao wa upande wa dirisha hulia, alale upande wa pili. Mama watoto amepona. Britta amepata alama nzuri, na anataka kuja kiangazi kujifunza kupanda farasi. Nimemwambia amwulize shemeji, si mimi. Hapa mvua imeanza badala ya theluji, na bustani ya jirani ina maua ya njano. Nimenunua koti. Gari linahitaji betri.

Wiki hii wamekuja wakaguzi wa bili za umeme, wanapitia mnara mmoja mmoja, kwa herufi. Wako B, hawajafika K. Bwana Pruitt hajambo, ananisalimia.

Kazini hakuna jipya la kuandika.

Niambie tu, ndama wa mwisho anatarajiwa lini?

Mdogo wako,
Halvor


Korongo la Badger
4 Aprili 2008

Mdogo wangu,

Sote wazima. Wetu wa mwisho ni tarehe tisa Mei.

Lakini Lorraine ana mtamba mmoja aliyechelewa kupandishwa. Atazaa karibu na ishirini. Hesabu siku zako mpaka kwa huyo.

Dagny